Leseni, Kodi na Zabuni: Mabadiliko ya Sheria Yanayomhusu Fundi wa Umeme na Mwenye Biashara Ndogo

Kazi ya kuweka nyaya za stima majumbani, madukani na katika karakana za juakali huwapa riziki vijana wengi mashinani. Hata hivyo, tangu mwaka wa 2019 sheria zinazosimamia kazi hiyo zimebadilika mara kadhaa, na zile za kodi zimebadilika mara nyingi zaidi. Baadhi ya mafundi wangali wanaamini kuwa kibali cha biashara cha kaunti kinawatosha. Wenye maduka nao hulipia kazi ya umeme bila kudai leseni wala ankara. Hasara huja baadaye, ombi la mita linapokataliwa, gharama zinapokosa kukubaliwa na watoza ushuru, au moto unapozuka na kampuni ya bima kutaka kujua ni nani aliyefanya kazi hiyo.

Makala haya yanaeleza mabadiliko makuu, ofisi inayohusika na kila jambo, na hatua ambazo fundi au mwenye biashara anaweza kuchukua ili asijikute upande usiofaa wa sheria.

Sheria ya Kawi ya 2019

Sheria ya Kawi, ambayo ni Sheria Nambari 1 ya mwaka wa 2019, ilianza kutumika tarehe 28 Machi 2019 na kufuta Sheria ya Kawi ya 2006. Kupitia sheria hiyo, iliyokuwa Tume ya Kudhibiti Kawi, ERC, nafasi yake ilichukuliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Mamlaka hiyo ndiyo inayotoa leseni kwa mafundi wa umeme na wanakandarasi wa umeme kote nchini.

Kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya zamani hazikufutika siku hiyo hiyo. Ziliendelea kutumika pale ambapo hazikupingana na sheria mpya, hadi zitakapobadilishwa. Aidha, Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inasema kwamba kanuni yoyote hufikia kikomo baada ya miaka 10 tangu kutungwa, isipokuwa muda wake uongezwe, na nyongeza hiyo haiwezi kuzidi miezi 12. Ndiyo maana kanuni za sekta ya kawi zimekuwa zikiandikwa upya katika miaka ya hivi karibuni. Fundi aliyejifunza kanuni akiwa chuoni miaka 12 iliyopita hawezi kudhani kuwa zingali vile vile. Inampasa kuangalia tangazo la karibuni katika Gazeti Rasmi la Serikali au kuuliza katika ofisi za EPRA.

Cheti cha fundi na leseni ya mwanakandarasi

Watu wengi huchanganya vitu viwili. Cha kwanza ni cheti cha fundi mwenyewe, ambacho huthibitisha kuwa mtu huyo amehitimu na anaweza kufanya kazi ya umeme ya kiwango fulani. Cha pili ni leseni ya mwanakandarasi, ambayo huiruhusu biashara kuchukua kazi, kuisimamia na kuitolea hakikisho. Kampuni inaweza kuwa imesajiliwa na kuwa na gari lenye nembo, lakini isipokuwa na leseni ya mwanakandarasi haina ruhusa ya kuchukua kazi hiyo. Vivyo hivyo, fundi hodari aliyeajiriwa hapati haki ya kujichukulia kandarasi zake kwa sababu tu mwajiri wake ana leseni.

Leseni zimegawanywa katika madaraja. Daraja la chini ni C2, ambalo ni la kazi ndogo kama zile za nyumba na maduka yanayotumia umeme wa njia moja. Juu yake kuna C1, kisha B, na hatimaye madaraja ya A kwa kazi kubwa na za kitaalamu zaidi. Kila daraja lina mipaka yake. Fundi wa C2 anayekubali kuweka nyaya katika kinu cha kusaga nafaka chenye mashine za umeme wa njia tatu amevuka mpaka, hata kama kazi yenyewe ataifanya vizuri.

Mwombaji wa leseni hutakiwa kuonyesha vyeti vya masomo ya ufundi na uzoefu wa kazi, na hupimwa ujuzi wake kabla ya kukubaliwa. Maombi hufanywa kwa njia ya mtandao. Fundi aliyejifunzia kazini bila kupitia chuoni hajafungiwa mlango. Anaweza kufanya mtihani wa ufundi unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, kisha ajenge ombi lake juu ya matokeo hayo. Vyuo vya mafunzo ya ufundi vilivyo chini ya serikali za kaunti vinaweza kumsaidia kujiandaa.

Kwa mwenye nyumba au duka, umuhimu wa leseni huonekana mapema. Kabla ya Kenya Power kuunganisha mita, huhitaji hati inayoonyesha kuwa nyaya zimewekwa na kukaguliwa na mtu aliye na leseni. Pale ambapo kazi ilifanywa na mtu asiye na leseni, mwenye jengo hulazimika kumtafuta mwingine. Huyo mwingine, akiwa mwaminifu, hatatia saini kazi asiyoijua. Ataifungua, aipime, na mara nyingi atairudia. Mwenye jengo atakuwa amelipa mara mbili.

Kuna pia tabia ya mwenye leseni "kumwazima" mwenzake saini yake kwa malipo kidogo. Anayetia saini hati hiyo anasema mbele ya sheria kuwa kazi ni salama. Ikiwa waya wa ardhi haukuunganishwa na mtu akapigwa na umeme, jina lililo kwenye karatasi ndilo litakalofuatwa kwanza.

Kibali cha kaunti hakichukui nafasi ya leseni

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa serikali za kaunti jukumu la usambazaji wa umeme na gesi pamoja na udhibiti wa kawi katika ngazi ya kaunti. Sheria ya Kawi nayo inaitaka kila kaunti kuandaa mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa Waziri wa Kawi. Lakini utoaji wa leseni za mafundi na wanakandarasi wa umeme umebaki mikononi mwa EPRA.

Kibali cha biashara kinachotolewa na kaunti humruhusu mtu kufungua ofisi au duka mahali fulani. Hakipimi ujuzi wake wa umeme. Kwa hivyo fundi mwenye ofisi mjini anahitaji vyote viwili: kibali cha kaunti kwa ajili ya biashara na leseni ya EPRA kwa ajili ya kazi. Kuwa na kimoja hakuondoi haja ya kingine.

Wale wanaofanya kazi katika miradi ya ujenzi wana hatua ya tatu. Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011 inawataka wanakandarasi wote wa ujenzi wasajiliwe na NCA, wakiwemo wale wa huduma za umeme katika majengo. Usajili huo una viwango vinavyoanzia NCA 8 kwa kazi ndogo hadi NCA 1. Mafundi wanaofanya kazi katika maeneo ya ujenzi pia hutakiwa kutambuliwa na mamlaka hiyo.

Umeme wa jua

Wengi wanaouza paneli za sola hudhani kwamba leseni ya stima ya kawaida inatosha, au kwamba sola haihitaji leseni kabisa. Kazi ya sola ina leseni zake, ambazo kwa mafundi zimepangwa katika ngazi za T1, T2 na T3, kuanzia mitambo midogo ya nyumbani hadi ile mikubwa inayounganishwa na gridi.

Badiliko linalowahusu zaidi wenye biashara ni ruhusa ya kubadilishana umeme na gridi. Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mteja aliye na mtambo wake usiozidi megawati 1 kuomba mkataba ambapo umeme anaouzalisha na kutoutumia unapelekwa kwenye gridi, na yeye kuhesabiwa katika bili yake. Kanuni za utaratibu huo zilitolewa mwaka wa 2024. Hoteli, shule au kiwanda kidogo cha maziwa kilicho na paa pana kinaweza kunufaika. Hata hivyo, mtambo wa aina hiyo hauwezi kuunganishwa na gridi bila idhini. Umeme unaorudi kwenye nyaya wakati stima imepotea unaweza kumuua fundi anayezirekebisha akidhani hazina umeme.

Kodi ya mauzo: asilimia 3 kutoka 1

Kwa upande wa ushuru, badiliko lililowagusa wafanyabiashara wadogo moja kwa moja ni la kodi ya mauzo. Kodi hiyo ilirejeshwa Januari 2020 kwa kiwango cha asilimia 3, ikapunguzwa hadi asilimia 1 mwaka huo huo wakati wa janga la korona, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikairejesha kwa asilimia 3 kuanzia tarehe 1 Julai 2023. Sheria hiyo pia iliteremsha kikomo cha juu kutoka mauzo ya Sh50 milioni kwa mwaka hadi Sh25 milioni. Kiwango cha chini ni mauzo yanayozidi Sh1 milioni.

Wafanyabiashara wengine waliacha kulipa baada ya Mahakama ya Rufaa kuibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 mnamo tarehe 31 Julai 2024. Uamuzi huo ulitenguliwa na Mahakama ya Juu tarehe 29 Oktoba 2024. Kwa hivyo mabadiliko hayo ya 2023 yalisalia na nguvu ya sheria.

Kodi hii hutozwa kwa jumla ya mauzo, si kwa faida, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mfano unaweza kusaidia. Tuseme mwanakandarasi mdogo anapokea Sh200,000 kwa mwezi. Kati ya hizo, Sh140,000 zinaenda kununua nyaya, soketi na vifaa vingine, na Sh25,000 ni za kodi ya ofisi, usafiri na wasaidizi. Kinachobaki ni Sh35,000. Kodi ya mauzo ya asilimia 3 itakuwa Sh6,000 kwa mwezi, yaani Sh72,000 kwa mwaka. Wakati wa asilimia 1, angelipa Sh24,000 kwa mwaka.

Sheria inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna wa KRA kuwa hataki kuwa katika mpango wa kodi ya mauzo, na badala yake alipe kodi ya kawaida ya mapato inayotozwa faida. Kwa viwango vya kodi ya mtu binafsi vilivyoanza Julai 2023, faida ya Sh35,000 kwa mwezi, baada ya kuondoa nafuu ya Sh2,400, ingetozwa takriban Sh2,880 kwa mwezi, ambazo ni karibu Sh34,600 kwa mwaka. Hiyo ni chini ya nusu ya kodi ya mauzo. Kwa fundi ambaye anauza kazi ya mikono pekee na hanunui vifaa, hesabu inaweza kugeuka na kodi ya mauzo ikawa nafuu kwake. Kila mmoja anapaswa kupiga hesabu ya biashara yake kabla ya kuchagua.

Njia ya pili ni mteja kujinunulia vifaa mwenyewe na kumlipa fundi ufundi tu. Hapo fedha za vifaa hazipiti mikononi mwa fundi wala hazihesabiwi kama mauzo yake. Sharti ni kwamba mambo yawe hivyo kweli, na risiti za vifaa zitoke kwa jina la mteja. Mtu ambaye mauzo yake hayafiki Sh1 milioni kwa mwaka hayumo katika kodi ya mauzo, lakini anatakiwa kuwasilisha ritani yake ya mapato kila mwaka. Yule ambaye mauzo yake ya bidhaa na huduma zinazotozwa ushuru yamefika Sh5 milioni kwa mwaka hutakiwa kujisajili kwa ushuru wa thamani ya ziada, VAT.

Ankara za eTIMS

Uamuzi huo wa kodi hauwezi kutenganishwa na suala la ankara za kielektroniki. Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kuondolewa wakati wa kukokotoa kodi ya mapato, isipokuwa kwa malipo machache yaliyotajwa na sheria.

Katika mfano uliotangulia, mwanakandarasi aliyejiondoa katika kodi ya mauzo lakini akanunua vifaa vya Sh140,000 bila ankara hizo angehesabiwa kana kwamba fedha hizo ni faida yake. Badala ya kutozwa kodi kwa Sh35,000, angetozwa kwa Sh175,000. Hasara yake ingekuwa kubwa kuliko kodi aliyokuwa akiikwepa.

Jambo hilo hilo linamgusa mwenye duka au saluni. Anapomlipa fundi, anahitaji ankara ya eTIMS ili malipo hayo yakubaliwe kama gharama yake. Mafundi wengi wamepoteza wateja wakubwa kwa sababu hawawezi kutoa ankara hiyo. Mfumo wa eTIMS hauhitaji mashine ya bei ghali, kwani KRA imeweka njia za kuutumia kupitia simu na kompyuta. Tangu Desemba 2024, sheria pia inaweka utaratibu wa mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka. Fundi anapaswa kufuatilia ankara zinazotolewa kwa jina lake, ili zilingane na fedha alizopokea.

Wasaidizi wa fundi

Fundi anayeajiri hata kijana mmoja ni mwajiri mbele ya sheria. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 ilileta makato ya asilimia 2.75 ya mshahara kuanzia Oktoba 2024, yasiyopungua Sh300 kwa mwezi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inatoza asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 nyingine kwa mwajiri. Kuna pia michango ya NSSF chini ya Sheria ya 2013, ambayo viwango vyake vimekuwa vikipanda hatua kwa hatua.

Katika kazi ya umeme, bima ya ajali ndiyo isiyofaa kupuuzwa kabisa. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awe na bima kwa wafanyakazi wake. Msaidizi akianguka kutoka kwenye ngazi au akipigwa na umeme, fidia yake hudaiwa kwa mwajiri. Biashara ndogo inaweza kufungwa na ajali moja tu.

Nafasi katika zabuni za serikali

Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kampuni hukubaliwa katika mpango huo wa AGPO ikiwa angalau asilimia 70 ya wamiliki ni wa kundi husika na viongozi wake wote wanatoka katika kundi hilo. Usajili hufanywa na Hazina ya Kitaifa bila malipo, na anayedai ada ya kusajili anapaswa kuripotiwa. Katika serikali za kaunti, asilimia 20 ya ununuzi hutengwa kwa wakazi wa kaunti husika.

Taa za barabarani, soko, zahanati na shule za chekechea huhitaji mafundi wa umeme. Hata hivyo, cheti cha AGPO hakiondoi masharti mengine. Kamati ya zabuni hutazama pia leseni ya EPRA, cheti cha kutii kodi na, kwa kazi za ujenzi, usajili wa NCA. Mwombaji hodari anaweza kukataliwa katika hatua ya kwanza kwa sababu ya leseni iliyopitwa na muda.

Sauti ya mwananchi katika utungaji wa sheria

Ada za vibali vya kaunti huwekwa na Sheria ya Fedha ya Kaunti. Bunge la Kaunti hutakiwa kuupitisha mswada huo katika siku 90 baada ya kupitisha Mswada wa Matumizi ya Fedha, na wananchi lazima wahusishwe. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kukosa ushirikishwaji wa kutosha wa wananchi. Kanuni za kitaifa nazo hutakiwa kujadiliwa na wale watakaoathirika kabla ya kuchapishwa.

Mafundi waliojiunga katika chama au kikundi husikika zaidi kuliko mmoja mmoja. Maoni yanayofaa hutaja kifungu, yaeleze athari yake kwa biashara na kupendekeza maneno mbadala. Anayehisi kuonewa na uamuzi wa EPRA, kwa mfano kunyimwa leseni, ana haki ya kukata rufaa katika Jopo la Kawi na Petroli lililoundwa na Sheria ya 2019. Kuna muda uliowekwa wa kufanya hivyo, kwa hivyo haifai kungoja.

Mambo ya kukagua kabla kazi haijaanza

Wenye nyumba na biashara wanashauriwa kuzingatia haya:

1. Kuomba kuona leseni ya fundi, na kulinganisha jina, daraja na tarehe ya mwisho na orodha ya EPRA.

2. Kuandikiana makubaliano yanayotaja kazi, bei, nani atanunua vifaa na muda wa kumaliza.

3. Kukagua alama ya ubora ya KEBS kwenye nyaya, swichi na soketi. Nambari ya alama hiyo inaweza kuthibitishwa kwa kutuma ujumbe mfupi kwa 20023.

4. Kudai ankara ya eTIMS kabla ya kukamilisha malipo.

5. Kuhifadhi hati ya kukamilika kwa kazi mahali salama, mbali na jengo lenyewe, kwa maana ndiyo itakayohitajika endapo jengo litaungua.

Kwa upande wake, fundi anashauriwa kuweka kwenye kalenda tarehe za mwisho za leseni ya EPRA, usajili wa NCA, kibali cha kaunti na cheti cha kutii kodi, na kuanza kuomba upya mapema. Huduma za KRA zinapatikana katika vituo vya Huduma, na maswali kuhusu vibali vya biashara yanapokelewa katika ofisi za biashara za kaunti na za wadi.